Mashine ya Uongo na Kalamu ya Mtumishi wa Umma

Machi 1983, Rais Ronald Reagan wa Marekani alitoa agizo namba 84 la usalama wa taifa ili kuzuia siri za serikali zisivuje. Mtumishi anayeshika siri nyeti za kijasusi alitakiwa aahidi kwa saini kwamba maandishi yake yatakaguliwa kabla ya kuchapishwa, hata akishastaafu. Siri ikivuja, angeweza kuamriwa apimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Akikataa, angeweza kuadhibiwa kikazi.

Mashine hiyo haitambui uongo. Hupima shinikizo la damu, mapigo ya moyo, pumzi na jasho, kisha mpimaji hukisia maana yake. Mkweli mwenye hofu huonekana mwongo, na mwongo mtulivu hupita. Aldrich Ames, afisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyewauzia Wasovieti siri, alipimwa mwaka 1986 na 1991 akafaulu mara zote mbili; alikuja kukamatwa mwaka 1994.

Ukaguzi wa maandishi una madhara yasiyoonekana upesi. Frank Snepp, aliyewahi kufanya kazi CIA, alichapisha mwaka 1977 kitabu kuhusu kuanguka kwa Saigon, Vietnam, bila kuomba idhini. Serikali haikudai mahakamani kwamba kitabu kilifichua siri yoyote, lakini mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliamuru mapato yake yote yaende serikalini. Kosa likawa kusema bila ruhusa, na mwenye kutoa ruhusa ni serikali ileile inayokosolewa. Hivyo wananchi hukosa ushuhuda wa wanaoijua kazi kwa undani, tena wakati wanapouhitaji zaidi.

Upinzani dhidi ya agizo la 1983 ulitoka hata ndani ya chama cha Reagan: Seneta Charles Mathias wa Maryland aliongoza hatua ya kuahirisha ukaguzi huo, na Februari 1984 rais akavisimamisha vipengele vyote viwili, ukaguzi na upimaji. Upimaji uliporudishwa mwishoni mwa 1985, Waziri wa Mambo ya Nje George Shultz alitishia kujiuzulu, na Ikulu ikalegeza msimamo.

Sheria ya mwaka 1988 iliwakataza waajiri wengi binafsi kutumia mashine hiyo, ila ikaziacha nje serikali zote, kuanzia ya taifa hadi za miji. Mwanya huo unapaswa kuzibwa. Ukaguzi nao, popote unapofanyika, uishie kwenye siri halisi, uwe na muda maalumu wa kujibu, na pande zikishindwa kukubaliana, jaji aamue, na jukumu la kuthibitisha madhara liwe la serikali.