Maji ya Kijani: Kuchemsha Hakutoshi

Kwa miaka mingi sisi madaktari tumewahimiza wananchi wachemshe maji ya kunywa. Ushauri huo ni mzuri, kwani viini vya kipindupindu na homa ya matumbo hufa maji yakitokota. Lakini katika Ziwa Victoria kuna hatari ambayo jiko haliwezi kuiondoa.

Katika Ghuba ya Winam, kando ya Kisumu, maji mara nyingi hugeuka kijani kama yaliyomwagiwa rangi. Utando huo si magugu-maji. Ni viini vidogo vya jamii ya bakteria, ambavyo huongezeka upesi wakati wa joto, mbolea ya mashambani na maji taka ya mijini yanapoingia ziwani. Baadhi yavyo, hasa Microcystis, hutengeneza sumu inayodhuru ini.

Sumu hiyo haiharibiwi na moto. Badala yake, kuchemsha hupasua viini na kuiachilia ndani ya maji. Mnamo Agosti 2014, wakazi zaidi ya 400,000 wa eneo la Toledo, Marekani, walionywa wasinywe maji ya mfereji wala wasiyachemshe. Mjini Caruaru, Brazil, mwaka 1996, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walifariki baada ya maji yenye sumu hiyo kutumiwa katika mashine za kusafisha damu.

Anayekunywa maji hayo huenda akatapika, akahara na kuumwa na tumbo. Anayeyaoga huwashwa ngozi na macho. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na za maradhi mengine, mweleze daktari ulitumia maji gani.

Usiteke maji penye utando wa kijani, wala usiwaruhusu watoto kuogelea hapo. Mifugo pia wazuiwe. Samaki atolewe matumbo yote na kuoshwa kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Hata hivyo, hakuna awezaye kupima sumu kwa macho. Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango kisichozidi mikrogramu 1 katika kila lita ya maji yanayonywewa kila siku. Serikali za kaunti za kando ya ziwa na kampuni za maji hazina budi kupima sumu hii kila utando unapotokea, na kutangaza matokeo redioni siku hiyo hiyo. Kumwambia mama achemshe maji, kisha kunyamaza, ni kumtwika mzigo asioweza kuubeba.