Ukinuna Peke Yako, Fundi Atajuaje?

Juma lililopita nilikaa kitambo katika duka moja dogo hapa Binza, mkoani Simiyu. Mwenye duka ni kijana. Anauza sabuni, betri na vocha, na juu ya meza anayo kompyuta kuukuu ya kuingizia watu nyimbo. Wewe wamletea kadi ya simu yako au flashi, naye akujazia upendavyo: kwaya, ngoma za Kisukuma, bongofleva. Kwaya ikiimba kigangoni, au ngoma ikichezwa baada ya mavuno, huenda na simu yake akarekodi. Basi ndani ya kompyuta ile mna sauti za watu wa huku ambazo hazipatikani mahali pengine popote.

Siku ile aliingia mzee mmoja. Aliutaka wimbo wa kwaya wa miaka iliyopita, ambao mkewe, sasa marehemu, ndiye aliyeuanzisha. Kijana akatafuta, akatafuta tena, kisha akainamisha kichwa. "Baba, nisamehe," akasema. "Wimbo ule nimeufuta."

Mzee hakugomba. Alisimama kidogo, akauliza kama hauwezi kurudi, akaambiwa la. Akaenda zake.

Nilimwuliza kijana ilikuwaje. Akanionyesha. Katika programu anayochezea muziki, ukibonyeza wimbo hutokea maneno mawili, moja chini ya lingine. La kwanza huondoa wimbo katika orodha ya kuchezwa tu, na faili hubaki salama. La pili hufuta faili yenyewe. Mkono ukiteleza nusu ukucha, umefuta, wala programu haikuulizi neno. Na wimbo wenyewe haukuwa na jina. Ulikuwa mmoja wa mamia yaliyoandikwa "asiyejulikana", akadhani ni nakala ya mwingine. Kesho yake akajaza nyimbo mpya juu yake. (Nawe ukumbuke: faili iliyofutwa yaweza kuokolewa mara nyingine, lakini ni kabla hujaandika kitu kipya juu yake. Ukikosea, acha kuitumia kompyuta papo hapo, umwite fundi.)

"Programu hii ni mbaya, mwalimu," akasema. "Hata wenzangu wa mjini yamewapata haya haya."

"Mmewaambia walioitengeneza?"

Akacheka. "Ni ya bure. Kitu cha bure utakilalamikia kwa nani?"

Hapo ndipo alipokosea, na nadhani wengi wetu tungekosea pamoja naye. Ziko programu za muziki ambazo hazina mwuzaji. Watu hukaa jioni, baada ya kazi zao za mchana, wakaziandika kwa mapenzi, kisha wakazitoa kwa dunia nzima. VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani, ilianzwa na wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996, na tangu mwaka 2001 kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuifungua aone ilivyoundwa, hata kuirekebisha. Watu wa namna hii hawamwoni mnunuzi akiingia dukani au akilihama. Hawajui kama Binza ipo. Wanachojua ni kile walichoambiwa tu.

Sisi Wasukuma jambo hili si geni kwetu. Bagika na Bagalu wakishindana, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na watazamaji ndio waamuzi. Watu wakilihama kundi, mtunzi aliona hilo kwa macho yake, na usiku uleule huketi kutafuta wimbo mwingine au dawa kali zaidi! Huyo aandikaye programu haoni uwanja. Ukiihama programu yake kimya kimya, yeye anaendelea kupiga ngoma akidhani mpo.

Nikupe habari moja ya kweli. Iko programu ya muziki iitwayo Amarok, iliyoanza mwaka 2003, nayo ilipendwa mno na watu watumiao Linux. Mwezi wa Desemba mwaka 2008 ikatoka Amarok 2, iliyoundwa upya tangu msingi. Waundaji walikuwa na sababu, kwa maana msingi wa zamani ulikuwa ukiachwa na wote. Lakini watumiaji walipoifungua, vitu vingi walivyovizoea havikuwamo, na sura yake ilikuwa ngeni. Kelele zilikuwa kubwa. Wengine walieleza kwa utaratibu kipi kinakosekana na kwa nini wanakihitaji; wengine walitukana tu. Mimi naona hao wa mwisho hawakumsaidia mtu. Mtu anayefanya kazi bila mshahara, ukimtusi, ataiacha jembe shambani, na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

Je, ilikwishaje? Kwa kuwa programu ile ni huru, watu kadhaa walilichukua toleo la zamani wakalipalilia wenyewe, na mwaka 2010 likatoka kwa jina jipya la Clementine. Hilo nalo lilipozorota, mwingine akachukua mbegu yake, ikazaliwa Strawberry mwaka 2018. Amarok nayo haikufa. Baada ya kimya cha miaka ilitoa toleo la 3 mwezi wa Aprili mwaka 2024. Zote hizo tatu ni programu huru. Manung'uniko ya watumiaji, yaliposemwa mahali pa kusikika, yalizaa programu mbili.

Na tusiposema, wengine watatupangia. Kila faili ya muziki yaweza kubeba kibandiko ndani yake chenye jina la wimbo, mwimbaji na mwaka. Kibandiko cha kwanza, kilichobuniwa mwaka 1996, kilikuwa na nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la wimbo, pamoja na orodha ya aina 80 za muziki. Polka imo. Taarabu haimo, ngoma yetu haimo. Sidhani kwamba aliyeiandika alitudharau. Hakukuwa na mtu wa kwetu wa kumwambia. Mwaka 1998 kikaja kibandiko kipana, ambacho mtu aweza kuandika ndani yake aina aitakayo kwa maneno yake mwenyewe. Kijana wetu hakulijua hilo, na jioni ile tulianza kuzipa majina nyimbo zake, moja moja. Kazi haijakwisha.

Lakini kwanza tuliandika barua. Yeye alikuwa ameanza hivi: "Programu yenu ni mbaya, imenitia hasara." Nikamwambia, mwanangu, ukienda kwa mganga wa zahanati ukasema "naumwa" ukanyamaza, atakupa dawa gani? Mwambie ni wapi, tangu lini, ulikuwa unafanya nini. Basi tukaandika upya: kompyuta ni ya namna gani, toleo la programu ni lipi, alibonyeza wapi, alitazamia nini, na nini kikatokea. Tukajaribu tena kwa wimbo usio na thamani ili tuwe na hakika kwamba kosa hurudi. Tukaomba jambo moja tu, yaani programu iulize kabla ya kufuta faili. Mwisho tukashukuru, kwa kuwa miaka mitatu programu ile imemlisha. Kiingereza chetu kilikuwa cha shule ya kata, nacho kikatosha. Wengi wa waundaji hao nao Kiingereza si lugha ya mama yao.

Siku ya nne jibu lilikuja. Mwundaji alisema kosa ameliona, na akatuuliza kama ingefaa faili ikitupwa kwanza katika kapu la taka, ambako mtu aweza kuitoa, badala ya kufutwa moja kwa moja. Kijana alikuwa bado hajajibu mzee alipopita kununua chumvi. Akamsomea barua ile kwa Kiswahili, polepole, sentensi kwa sentensi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Waambie kapu ni jema," akasema. "Lakini na kuuliza waulize. Tena waulize mara mbili."

Kijana akageukia meza, akaanza kuandika.