Aliyeomba Asipate Naye Ana Shukrani

Jumapili moja ya mavuno hapa Pongwe, mama mmoja alileta jogoo kuwa sadaka ya shukrani. Mzee wa kanisa mwenye daftari akamwuliza, "Tuandike shukrani ya nini, mama?" Akajibu, "Andika tu kwamba namshukuru Mungu." Mzee akabaki ameshika kalamu. Daftari letu lina safu ya jina, ya sadaka na ya sababu, na hiyo ya tatu haijazoea kuachwa wazi. Waliokuwa karibu walijua kwamba mama yule ameomba mtoto miaka 11 na hajapata. Mwishowe ikaandikwa "uzima", jogoo akapelekwa mnadani, ibada ikaendelea.

Ndugu washarika, kosa lilikuwa letu, si la mama wala la mzee. Tumeigeuza shukrani kuwa risiti. Anayesimama mbele ni aliyepata: kijana ameajiriwa kwenye saruji, binti amefaulu kidato cha nne, baba ameruhusiwa kutoka Bombo, nyumba imeezekwa. Tunapiga vigelegele, na ni haki yao. Lakini yule aliyeomba kibarua mwaka mzima, na kila asubuhi anarudi kutoka getini mikono mitupu, tumempa nafasi gani katika ibada? Anakaa benchi la nyuma akipigia makofi baraka za wenzake, na moyoni anahesabu dhambi zake, akitafuta ni ipi iliyomzuilia.

Na sisi wachungaji tumemsaidia kuzihesabu. Tumehubiri imani kana kwamba ni fedha: ukifikisha bei unapewa mzigo, ikipungua unarudishwa. Halafu tunalalamika watu wakikimbilia kwingine. Mwaka 2011 walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT hii hii yetu. Wapo waliofia kwenye foleni. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kuyakanyaga mafuta ya upako. Ni rahisi kuwaita wajinga. Sisi hatuthubutu. Tunajiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wamekwisha kuomba miaka mingi kwenye mabenchi kama haya yetu, wasipate hata mhubiri mmoja wa kuwaambia kwamba mtu anaweza kuomba kwa imani yote, na jibu likawa hapana.

Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, na mwiba ukabaki. Bwana wetu mwenyewe aliomba pale Gethsemane kikombe kimwepuke, naye akakinywa. Anayesema kwamba asiyejibiwa amepungukiwa imani aanze na hao wawili.

Wapo watakaotujibu: basi wafundisheni watu kumshukuru Mungu kwa ajili ya ugumba na msiba wenyewe. Hilo nalo tunalikataa. Katika 1 Wathesalonike 5:18 Biblia yetu ya Kiswahili imetumia neno "kwa", na wengi wamelisikia kama amri ya kushukuru kwa ajili ya kila baya. Kigiriki cha Paulo kinasema "en", yaani "katika". Kwa aliyezika mtoto, tofauti hiyo si ya darasani tu. Luther aliijua. Septemba 1542 binti yake Magdalena alifariki akiwa na miaka 13. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa furaha, kwa kuwa mtoto amekwenda salama kwa Mungu, lakini hawakuweza kushukuru bila kulia. Ikiwa yeye alishukuru huku analia, nani ametutuma tuwaambie wafiwa wafute machozi kwanza?

Wala kuridhika si kukunja mikono. Paulo aliposema amejifunza kuwa radhi alikuwa kifungoni, na alisema amejifunza, maana yake kuna siku hakujua. Mgonjwa aende hospitali. Kijana arudi getini kesho. Aliyedhulumiwa ujira adai ujira wake. Asinyamazishwe kwa mahubiri ya kuridhika, hasa na mhubiri aliyekwisha kula.

Na hapa pwani tuna aibu ya ziada. Jirani yetu Mwislamu akiwa kitandani na homa, ukimwuliza hali hutanguliza alhamdulillahi, ndipo aeleze maumivu. Hangoji kupona. Sisi tunaoimba neema kila Jumapili tunangoja majibu ya vipimo.

Wengi wetu tulibatizwa tukiwa wachanga, tumebebwa mikononi, hatujui kuomba hata maziwa ila kwa kulia. Kristo tulipewa hapo, kabla ya ombi la kwanza. Tukiamini hivyo, yule mama hakuleta jogoo kumbembeleza Mungu, wala kumlipa. Alishukuru kwa kile alichokwisha kupewa, na ombi lake la mtoto bado liko palepale. Jumatano alirudi kwenye maombi akaliomba tena.

Januari usharika utanunua daftari jipya la shukrani. Tumewaomba wazee watakaolipigia mistari wasiichore safu ya tatu.