FAINI YA MOSHI WA MOTOKAA: NANI ALIPE?

Maoni ya Mhariri



Mwaka 2025 Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari, na wananchi wakaitwa watoe maoni yao. Magari ya biashara yamezoea kukaguliwa kila mwaka. Rasimu hiyo yataka na magari ya watu binafsi yaliyopita miaka minne yapelekwe kukaguliwa, na moshi ni moja ya mambo ya kupimwa. Kwa hiyo madereva na matanboi wa Garissa, Wajir na Mandera wanauliza swali moja: lori likitoa moshi mweusi na faini ikaandikwa, atakayelipa ni nani?

Swali hili si letu peke yetu. Huko Ulaya limebishaniwa karibu miaka ishirini, na yafaa kila mwanachama ajue walivyolijibu, kwa sababu jibu lao lina funzo kwetu, na tena kwa sababu motokaa wanazozikataa wao huishia katika barabara za Afrika.

Mnamo Desemba 2007 Tume ya Ulaya ilipendekeza kwamba kila mtengenezaji wa motokaa atozwe faini ikiwa motokaa zake zinatoa hewa ya kaboni kupita kiasi. Faini ilipendekezwa ianze yuro 20 kwa kila gramu iliyozidi mwaka 2012, ipande mpaka yuro 95 mwaka 2015. Watengenezaji walipiga kelele, na sheria ilipopitishwa mwaka 2009 ilikuwa imelegezwa: gramu ya kwanza yuro 5, ya pili 15, ya tatu 25, na zilizobaki 95. Ulegevu huo ulikoma, na tangu mwaka 2019 kila gramu ni yuro 95.

Hesabu yenyewe ni hivi. Hawaangalii gari moja moja. Huchukua motokaa zote mpya alizouza mtengenezaji kwa mwaka, wakatafuta wastani wa gramu kwa kila kilometa. Wastani ukizidi kiasi alichowekewa, kila gramu iliyozidi huzidishwa kwa yuro 95, kisha kwa idadi ya motokaa zote. Kampuni iliyouza motokaa milioni moja ikazidi gramu 3 tu itadaiwa yuro milioni 285. Malori nayo yana sheria yao: wastani wa malori mapya makubwa ulitakiwa ushuke asilimia 15 kufikia mwaka 2025, na anayeshindwa hutozwa yuro 4,250 kwa kila gramu iliyozidi katika kusafirisha tani moja kilometa moja.

Angalieni jambo hapa, ndugu. Katika sheria hiyo hadaiwi dereva. Hadaiwi makanika. Anadaiwa yule aliyechora injini, aliyechagua vyuma vyake, na aliyepata faida kwa kuiuza. Sheria imemtafuta mwenye uwezo wa kurekebisha kosa, ikamwekea mzigo begani.

Je, mzigo ulikaa begani mwake? Si wote. Tajiri wa Ulaya ni tajiri kama wa popote. Septemba 2024 mwenyekiti wa umoja wa watengenezaji wa motokaa wa Ulaya, Bwana Luca de Meo, alionya kwamba faini za mwaka 2025 zingeweza kufika yuro bilioni 15. Serikali zikasikia, na mwaka 2025 sheria ikabadilishwa ili hesabu ichukuliwe kwa wastani wa miaka mitatu, 2025 mpaka 2027, badala ya kila mwaka peke yake. Desemba 2025 Tume ikapendekeza tena kwamba lengo la mwaka 2035, la kutokuuza motokaa mpya zenye kutoa kaboni, lishushwe kutoka asilimia 100 mpaka 90. Ndivyo tajiri anavyosikilizwa akilalamika.

Wafanya kazi nao hawakuachwa salama. Desemba 2024, baada ya migomo katika viwanda vya Volkswagen nchini Ujerumani, chama cha wafanya kazi na kampuni walipatana. Kazi zaidi ya 35,000 zitapunguzwa kufikia mwaka 2030, lakini bila kufukuza watu kwa nguvu na bila kufunga viwanda papo hapo. Februari 2025 kiwanda cha Audi mjini Brussels kikafungwa, na watu wapatao 3,000 wakapoteza kazi. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza motokaa za umeme, zile zisizotoa moshi kabisa! Basi asije mtu akatuambia kwamba ni sheria ya moshi tu iliyowaponza. Mauzo hafifu, gharama kubwa na ushindani wa China vyote vilikuwamo. Penye chama chenye nguvu, wafanya kazi walipunguza hasara. Penye udhaifu, walibeba yote.

Na wanunuzi? Mwenye motokaa wa Ulaya haoni faini kwa jina lake, lakini aweza kuilipa ndani ya bei dukani. Tena yeye alidanganywa. Septemba 2015 ilifichuka kwamba Volkswagen ilitia programu ya udanganyifu katika motokaa za dizeli zipatazo milioni 11, zikawa safi mbele ya wapimaji na chafu zikiwa barabarani. Dereva aliyezishika usukani hakujua lolote. Dereva aijua njia yake; siri za injini azijua aliyeitengeneza.

Sasa tuje kwetu. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 motokaa kuukuu milioni 14 ziliuzwa nje na nchi kubwa, na nyingi zilikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi waliona kwamba nyingi za zile zilizopita bandari zao kuja Afrika zilikuwa za miaka 16 mpaka 20. Kenya ina afadhali, kwa kuwa hairuhusu motokaa kuukuu iliyopita miaka minane kuingia, na nyingi zetu zatoka Japani kwa sababu tunaendesha upande wa kushoto. Lakini Uingereza nayo yaendesha upande wa kushoto, na huko tangu mwaka 2024 mtengenezaji asiyeuza kiasi alichopangiwa cha motokaa za umeme aweza kutozwa faini kwa kila motokaa iliyopungua: kwanza paundi 15,000, kisha mwaka 2025 ikashushwa kuwa 12,000. Mambo hayo yakiendelea, motokaa za petroli na dizeli zitatafuta soko pengine. Soko hilo tunalijua liko wapi.

Wala wasomaji wasifikiri kwamba tunautetea moshi. Sisi watu wa Kaskazini Mashariki tumeonja kiangazi cha misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa 2020 mpaka mwishoni mwa 2022. Mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika Kenya, na wengi wetu tuna jamaa walioingia mjini bila hata mbuzi mmoja. Kisha yakaja mafuriko. Novemba 2023 na tena Aprili 2024 maji ya Tana yalikata barabara ya Garissa na Nairobi pale Madogo, malori yakalala na madereva wakakaa bila safari. Hewa ikiharibika sisi huumia mwanzo. Tunataka moshi upungue. Tunalokataa ni moshi kupunguzwa kwa kukata mkate wa mtu wa chini.

Na jaribio la namna hiyo tumeshaliona. Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulitaka kila motokaa itozwe kodi ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, isipungue shilingi 5,000 wala isizidi 100,000. Kodi hiyo haikutofautisha gari chafu na gari safi, wala kumwuliza mtengenezaji chochote. Iliondolewa Juni 2024, na mswada wote ukafuata baada ya vijana kuandamana. Linaloondolewa laweza kurudi kwa jina jingine, kwa hiyo tukae macho.

Tuulize basi: lori la kutoka Garissa kwenda Mandera hutoa moshi kwa nini? Kila mwanachama ajua. Chujio la hewa limejaa vumbi la njia ya Modogashe na Habaswein, na tajiri asema lipigwe upepo lirudishwe. Nozeli zimechoka. Pampu haijapimwa tangu inunuliwe. Mzigo umezidi kwa sababu safari hulipwa kwa uzito. Mafuta nayo yana makosa yake. Tangu Januari 2015 dizeli ya Kenya imetakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na huo ni uzuri mkubwa. Lakini wafanya biashara walichanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli mpaka Serikali ikaweka tozo la shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuwazuia. Katika makosa hayo yote, dereva ana uwezo juu ya mangapi?

Hata umeme si dawa ya leo kwetu. Garissa tuna kituo cha nguvu za jua cha megawati 54 kilichofunguliwa mwaka 2019, na ni fahari yetu. Lakini Wajir na Mandera zimetegemea jenereta za dizeli miaka mingi. Lori la umeme likitiwa chaji kwa jenereta ya dizeli, moshi umehama tu, haukwisha.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tajiri aona mzigo wa faini ni mwepesi ukiwa kichwani mwa dereva. Kwa hiyo kila mwanachama aishike sheria hii. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kimetaja makato ambayo tajiri anaruhusiwa kuyafanya katika mshahara. Kwa mali iliyoharibika, chasema uharibifu uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanya kazi, tena makato yawe ya kadiri. Makato yote pamoja yasizidi thuluthi mbili za mshahara. Nozeli iliyochakaa si kosa la makusudi la dereva, wala chujio ambalo tajiri alikataa kulinunua.

Kwa hayo twasema, na twaomba viongozi wayapeleke mezani:

1. Faini yo yote ya moshi iandikwe kwa jina la mwenye gari, isipokuwa dereva amethibitika kuharibu mashine kwa makusudi.

2. Kila lori liwe na daftari la matengenezo. Dereva aandike ubaya aliouona na tarehe, na tajiri au msimamizi wake atie sahihi. Asiyetaka kutia sahihi tutajua kwa nini.

3. Dereva anayekataa kuondoka na lori bovu asifukuzwe wala asikatwe posho.

4. Mahali pa kukagulia pasogezwe karibu. Mtu wa Mandera asilazimishwe kusafiri siku nzima kwenda kupimiwa moshi.

5. Mwagizaji wa motokaa kuukuu awajibike kwa hali ya moshi wa gari analoliuza, kama vile mtengenezaji anavyowajibika huko Ulaya.

Nasi tuna wajibu wetu. Dereva asiache injini ikinguruma saa nzima huku yeye akinywa chai. Asinunue mafuta ya magendo kwa mitungi ili abaki na masurufu. Tanboi asitoboe ekzosi ili lori lisikike. Mwenye kudai haki awe na mikono safi, la sivyo tajiri atatunyoshea kidole naye atakuwa na neno.

Wanachama ambao wameshakatwa mshahara kwa ajili ya faini walete karatasi zao kwa katibu wa tawi. Mtu mmoja akilalamika huitwa mkaidi. Mia wakilalamika kwa karatasi mkononi huitwa mezani. Umoja ni nguvu.