SIKU YA KWANZA YA JUMA NI IPI?

Ndugu wanakijiji,

Ikitangazwa kwamba zamu za maji zinaanza "siku ya kwanza ya juma", huyu anakwenda mferejini Jumamosi, yule Jumapili, mwingine Jumatatu anakuta zamu yake imeshapita. Mwisho wake ni ugomvi, na migomba inakauka.

Tena kila mmoja ana sababu. Kiswahili kinahesabu baada ya Ijumaa: Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili, mpaka Jumatano. Halafu inakuja Alhamisi, jina la Kiarabu linalotokana na tano, maana Waarabu wanaanzia Jumapili. Ndiyo sababu juma letu lina siku mbili za tano! Wasabato wanaishika Jumamosi kuwa ya saba. Na viwango vya kimataifa vya mwaka 1988 vinaanzia Jumatatu.

Hatutaki kumbadilishia mtu siku yake ya ibada. Sisi tunasema hivi: zamu za maji, msaragambo na daftari la kahawa, vyote vianze Jumatatu. Hapo siku za ibada za Waislamu, za Wasabato na za Wakristo wengine zote zimeshapita, hakuna wa kusema ameonewa. Na kila tangazo litaje siku kwa jina lake, siyo "ya kwanza" wala "ya pili".

Maji hayamngoji mtu amalize kuhesabu. Tukubaliane mkutanoni kabla zamu hazijapangwa.

Ushirika ni nguvu.