Gauni moja la joto, sokoni na ukumbini

Upepo wa kaskazi ukishakolea, kuanzia Desemba hadi Machi, mkazi wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja huona kila nguo ni nzito. Joto la mchana hufika nyuzi 32 na kupita, na unyevu wa bahari hauachi jasho likauke. Miezi hiyohiyo shughuli hazipumziki: harusi, send-off, kitchen party, maulidi, arobaini. Ingia ukumbi wowote wa pwani saa mbili usiku, uangalie meza za akina mama. Satini yenye bitana, mgongo umebanwa na zipu, kadi za mialiko zinafanya kazi ya pepeo, na kabla MC hajaita upande wa bibi harusi watoe zawadi, kwapani pameshachoreka ramani.

Wengi wa wanawake hao asubuhi walikuwa sokoni, wakipumua vizuri ndani ya dera la pamba au gauni pana la mtumba. Walirudi nyumbani kulivua kwa sababu moja tu: lile ni la kushindia, na mwaliko unataka nguo ya kutokea. Mpaka huo umewekwa na mazoea kuliko nguo zenyewe, na ndio unaojaza makabati magauni yaliyovaliwa usiku mmoja. Gauni la joto lenye kitambaa kizuri na mshono uliokaa linaweza kuuvuka kwenda na kurudi mwaka mzima. Linahitaji fundi, shimizi, na mwenyewe asiyeona haya kuvaa tena kilichokwisha kuonekana.

Mfano wa karibu ni Wasomali. Mwanamke wa Mogadishu, Hargeisa au Eastleigh jijini Nairobi hushinda nyumbani na baati, gauni pana la pamba lisilo na mbwembwe. Akienda harusini huvaa dirac. Ukizilaza nguo hizo mbili kitandani utaona mkato ni mmoja: kipande kipana kilichokunjwa, kikashonwa ubavuni na kutobolewa shingo. Kilichobadilika ni kitambaa, ambacho sasa ni chepesi, chenye kung'aa, hata chenye kuonyesha. Limebadilika pia vazi la kukizunguka: chini kuna gorgorad, sketi ya ndani ya satini iliyopambwa kwenye pindo, na juu kuna shali iitwayo garbasaar. Mkato wenyewe haukuguswa, hewa inapita vilevile, na hakuna anayemtazama bibi huyo akadhani ametoka jikoni.

Dera la Waswahili ni ndugu wa dirac hiyo, na kwa umbo linastahili heshima ileile. Kosa ni kulivaa lilivyotoka dukani. Dera la dukani hukatwa kwa saizi moja, refu kupita miguu, ili mfupi na mrefu, mnene na mwembamba wote walinunue. Mwenyewe hutembea amelishika ubavu mmoja. Sokoni haina neno, lakini ukumbini nguo ya kushikwashikwa huonekana ya kuazima. Fundi akilipunguza mpaka pindo liguse kifundo cha mguu, akapandisha mabega sentimita mbili tatu ili shingo isianguke upande, akatia ubavuni vitanzi viwili vya uzi vya kupitishia mkanda mwembamba, dera lilelile litakuwa na kiuno wakati wa picha na halitakuwa nacho wakati wa pilau. Ni kazi ndogo, ya kumalizwa barazani kwenye cherehani ya Butterfly huku mteja akisubiri.

Shimizi nayo hudharauliwa bila sababu. Dera jepesi huonyesha kilicho chini yake, kwa hiyo rangi ya shimizi ni nusu ya rangi ya nguo. Shimizi nyeupe chini ya dera la bluu iliyoiva hulipausha, ya bluu hulikoleza, na ya kahawia inayokaribiana na ngozi hupotea kabisa. Mwenye madera matatu na shimizi mbili za rangi tofauti ana mavazi zaidi ya matatu, na hakununua gauni jipya. Tatizo ni kwamba shimizi nyingi za dukani ni za nailoni, na nailoni ikiwa ndiyo iliyogusana na mwili, pamba ya juu imevaliwa bure. Ni bora fundi ashone shimizi ya pamba nyepesi. Mita mbili zinatosha wengi.

Na kitambaa ndicho kinachostahili kutazamwa kabla ya rangi, kabla ya mtindo, kabla ya bei. Pamba katika hali ya kawaida hubeba unyevu unaokaribia asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Ndiyo maana jasho likikutana na pamba huingia kitambaani na kupotea polepole, na likikutana na poliesta hubaki likitiririka mgongoni. Viskosi, ambayo madukani huitwa pia rayoni, hutengenezwa kwa rojo la mbao. Hunyonya jasho kuliko pamba na huanguka mwilini kwa namna ambayo pamba haiwezi, na kwa gauni la kwenda kwingi huenda ndiyo chaguo bora kuliko yote. Ina kasoro mbili: ikiloa hudhoofika, na ikifuliwa mara ya kwanza hurudi. Mwenye busara huilowesha na kuikausha kabla ya kumpelekea fundi. Kitani kinapoza mwili sana, ila hujikunja mtu akikaa tu kwenye daladala, na ni cha wenye subira ya pasi.

Maneno ya muuzaji kwamba kitambaa ni "pamba tupu" yasichukuliwe kama kiapo. Aombwe uzi mmoja kutoka ukingoni, uchomwe kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na kuacha jivu la kupukutika. Wa poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Mchanganyiko hufanya kidogo cha huku na kidogo cha kule. Wauza vitambaa wanaujua mtihani huu, na anayeukataa ameshajibu.

Kwa asiyevaa dera, au anayefanya kazi katika ofisi ambayo hailipokei, lipo gauni la kufunga, lile ambalo upande mmoja hulala juu ya mwingine na kamba huzungushwa kiunoni. Historia yake inafaa kukumbukwa kwa sababu ilianzia jikoni. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani na watumishi wengi wa nyumbani wakiwa wamekwenda viwandani, mbunifu Claire McCardell alitoa gauni la kujifunga aliloliita Popover. Lilikuwa pana, lina mfuko mkubwa, na liliuzwa pamoja na glavu ya kushikia sufuria za moto, kwa bei isiyofika dola 7. Mwanamke angepika nalo na kupokea wageni nalo. Mwaka 1974 Diane von Furstenberg, mzaliwa wa Brussels aliyekuwa akifanyia kazi New York, akatoa lake la jezi laini, na kufikia 1976 alikuwa ameuza zaidi ya milioni moja. Gauni hilo lilikwenda ofisini asubuhi na kwenye chakula cha usiku jioni bila mwenyewe kurudi nyumbani kubadili.

Halina zipu ya kukatika. Mwili ukinenepa au ukipungua, kamba huongezwa au hupunguzwa. Mama anayenyonyesha halihangaikii. Fundi akionyeshwa moja anaweza kulinakili, na jambo la kumkumbusha ni kishikizo kimoja cha ndani kifuani na kingine pajani, maana upepo wa baharini haubishi hodi. Asubuhi huvaliwa na makubadhi na mkoba wa ukindu. Jioni hereni ndefu, kiatu chenye kisigino kinene na pochi ndogo humaliza kazi. Kisigino kinene kinasemwa makusudi, kwa kuwa shughuli nyingi siku hizi hufanyika bustanini na ufukweni, na mchuchumio mwembamba ukishazama kwenye nyasi hakuna gauni linaloweza kumwokoa aliyeuvaa.

Mahali pa kupata magauni haya kwa bei rahisi panajulikana. Karume na Tandika jijini Dar, Kongowea Mombasa, Gikomba Nairobi: belo la nguo za kiangazi cha Ulaya likifunguliwa, hutoka magauni ya pamba na kitani ambayo wenyewe waliyavaa kwa wiki chache za jua. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba sokoni kufikia 2019. Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia ushuru wake mpya, na Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo zake huko mwaka 2018. Wengine walirudi nyuma. Hoja ya kulinda viwanda ni ya haki na ingali hai. Lakini mnunuzi aliye sokoni leo akiwa na pesa ya gauni moja, mara nyingi hupata pamba halisi kwenye belo kuliko kwenye duka lenye kiyoyozi, na hilo ni jambo la kuwafikirisha wenye viwanda.

Linabaki suala la macho ya watu. Hofu kubwa ya mwanamke wa mjini si joto. Anaogopa picha, kwamba gauni la Jumamosi hii lilikwisha kuonekana kwenye simu za wote Jumamosi iliyopita. Hofu hii ina dawa rahisi kuliko kununua jingine. Gauni la maua makubwa ya njano hukumbukwa na ukoo mzima. Gauni la rangi moja, kijani cha majani ya mwembe au bluu ya usiku, halikumbukwi na mtu, na macho huenda kwenye mtandio, kilemba na kidani, vitu ambavyo hubadilishwa kwa bei ndogo. Kwa jasho, rangi za kuogopwa ni kijivu na bluu mpauko, ambazo huonyesha kila tone. Nyeupe, nyeusi na bluu iliyoiva husitiri. Kwa hiyo gauni la kwanza kununuliwa au kushonwa liwe la rangi moja iliyoiva, refu kupita magoti, lenye mikono inayofunika bega. Hilo litaingia msibani likiwa na kanga mabegani, litaingia kanisani, litavaliwa chini ya buibui, na usiku litang'aa kwa vito vya mwenyewe.

Adui wa mpango wote huu ni sare. Kamati ya harusi huchagua kitambaa, humwagiza mtu Kariakoo, kisha kila shangazi, binamu na jirani huambiwa anunue mita zake, ashone, aje amevaa zambarau yenye dhahabu. Ni kweli sare hupendeza kwenye picha ya ukoo, na mtu aliyevaa sare hujihisi ni wa nyumba ile. Lakini kitambaa cha sare huchaguliwa kwa kung'aa kwake, mara nyingi ni poliesta, na hakivaliwi tena kwa sababu kila mtu anajua ni cha harusi ya nani. Mwenye mialiko minne kwa msimu ameshashona magauni manne ya usiku mmoja mmoja, pengine kwa mkopo wa kikoba.

Kamati zinaweza kutangaza rangi bila kutangaza kitambaa. Zinaweza hata kuishia kwenye mtandio au kilemba: mita moja kwa kila mgeni, ya rangi ya ukoo, na chini yake kila mtu avae gauni lake analopumua nalo. Picha itabaki na zambarau yake. Baadhi ya familia zimeanza kufanya hivyo, na hakuna harusi iliyovunjika.

Wapo watakaosema fundi naye ni mtihani: huahidi Ijumaa akamaanisha Ijumaa nyingine. Ni kweli, na wanaokwama zaidi ni wale wanaompelekea kazi wiki ya shughuli, wakati kila mteja amekuja na haraka ileile. Mafundi huwa na nafasi miezi ya masika, Aprili na Mei, mvua ikiwa imefunga watu ndani. Mwenye dera la kupunguzwa alipeleke wakati huo, na kama mwaka huo Ramadhani inatangulia mvua, basi kabla Shaabani haijaisha, kwa kuwa likifika kumi la mwisho fundi hapokei hata pindo.