Washa Taa Moja Kwanza

Ukimkuta mwanao amefungua redio mbovu kutazama kilichomo ndani, usimchape. Mpe bisibisi. Kwetu kitu cha umeme kikigoma hutiwa kwenye mfuko kikapelekwa kwa fundi, nasi tukakaa kwenye benchi lake tukimtazama kama mganga.

Wapo vijana wenye hamu, lakini wengi huanzia mwisho. Kijana anataka roboti, ananunua bodi iliyokwisha kuundwa, ananakili maelekezo, kitu kinazunguka. Siku kikikataa, hajui ashike wapi. Huyo namsihi aweke roboti kando, atafute taa moja ya LED, ile nyekundu ndogo kama punje ya mahindi.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Niliiunga taa hiyo moja kwa moja kwenye betri ya volti 9. Ikageuka rangi ya chungwa, ikatoa kaharufu, ikafa kabla sijamwita mtu aje aone. Nilikosa rezista, kile kifaa cha kupunguza mkondo wa umeme, na hesabu yake ni ya kugawanya tu. Taa nyekundu hutumia kama volti 2, hivyo zinabaki 7. Gawanya 7 kwa omu 470, unapata kama ampea 0.015, yaani miliampea 15. Taa nyingi za aina hii huvumilia 20. Rezista ya omu 470 utaitambua kwa mistari yake: njano, zambarau, kahawia, na wa nne mara nyingi wa dhahabu. Mguu mrefu wa taa uelekee upande wa chanya.

Kanuni hiyo ya kugawanya volti kwa omu aliichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827. Alikuwa mwalimu, mwana wa fundi kufuli, na waya za majaribio yake alizitengeneza mwenyewe. Basi tusiambiane kwamba haya ni ya wahandisi.

Nao wanaolalamika bei? Redio iliyokufa imejaa rezista na kapasita, vile vifaa vya kuhifadhi umeme kwa muda. Zing'oe kwa chuma cha kulehemu. Toboa kipande cha boksi, pitisha miguu ya vifaa, izungushie waya kwa nyuma, umepata ubao. Kitu cha kununua ni mita ya kupimia, maana bila hiyo utabaki kubahatisha.

Kwenye jambo moja sibembelezi mtu. Umeme wa ukutani, volti 230, unaua. Televisheni ya chogo nayo huweza kubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo usiifungue. Mwanafunzi na afanye kazi na betri tu, na kapasita zenye alama ya hasi asizigeuze, zisije zikampasukia usoni.

Taa ya kwanza ikiwaka, usikimbilie kitu kingine. Ongeza ya pili kwa kuifuatanisha na ile ya kwanza, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, rezista ikibaki ile ile. Zitawaka, ila mwanga utapungua kidogo. Tia ya tatu, tia ya nne. Ukifika ya tano, zote zitafifia mno ama zizime kabisa, na betri bado nzima. Usiichomoe kwanza. Chukua kalamu, andika volti 9 juu ya karatasi, uanze kutoa mbili mbili.